Sindano ya Kila Siku

Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulilipuka Maswa, wilaya ambayo baadaye ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga mpaka Simiyu ulipozaliwa 2012. Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka mapori yenye mbung'o, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja, na madaktari wake wakawafuata huko na mabomba ya sindano. Mwaka huohuo, Januari 11, katika hospitali moja ya Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa maji yaliyokamuliwa kutoka kongosho la mnyama. Alikuwa amekonda hadi kilo zisizotimia 30. Mchomo wa kwanza haukumsaidia sana. Siku 12 baadaye, mkemia James Collip akiwa ameyasafisha upya yale maji, Thompson alichomwa tena, na safari hii sukari ikashuka. Aliishi miaka mingine 13.

Toronto haikuijua Maswa, wala Maswa haikuijua Toronto. Lakini ili kuelewa kwa nini insulini imekuwa na njia ngumu Usukumani na kwenye machimbo ya Geita, lazima kuanzia kwenye zile sindano nyingine, zilizofika kwanza na kuwafundisha watu nini cha kutarajia.

Iliyoipa tiba ya kizungu jina katika Tanganyika ya miaka ya 1920 ilikuwa sindano ya buba. Buba ilikula ngozi na hatimaye mifupa, na ilishika zaidi watoto. Dawa za aseniki na bismuthi zilikausha vidonda ndani ya siku chache tu. Watu walitembea mwendo mrefu kuifuata sindano hiyo, na kero kubwa ya madaktari ikawa moja: mgonjwa akishaona vidonda vimekauka, harudi kumaliza dozi. Aende kufanya nini, na amepona? Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja penisilini, ambayo kwa buba ilihitaji mchomo mmoja. Hapo imani ikakomaa. Kidonge ni cha kutuliza, sindano ndiyo inayomaliza kazi. Hata leo, kwenye maduka ya dawa ya Kahama au Katoro, hakosekani mteja anayeomba achomwe kwa homa ambayo vidonge vingeimaliza.

Tiba ya jadi nayo ilikuwa imeandaa njia. Mganga wa Kisukuma alichanja chale na kupaka dawa ili iingie kwenye damu, kwa hiyo wazo la kupitisha dawa kwenye ngozi halikuwa geni. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipofungua kituo Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, mwaka 1913, hawakulazimika kumshawishi mtu kwamba dawa ya kuchoma ina nguvu kuliko ya kunywa. Chale na sindano zilikubaliana katika jambo moja: shughuli ina mwanzo na mwisho. Unachanjwa, unalipa, unakwenda zako.

Insulini haiponyi. Inachukua nafasi ya kitu ambacho mwili umeacha kukitengeneza au umeshindwa kukitumia, na inakaa mwilini saa chache tu kisha inaisha. Kwa mtu aliyelelewa kwenye sindano ya buba, dawa ya kuchomwa leo, kesho na maisha yote ni dawa iliyoshindwa kazi. Madaktari wengi wa kliniki za kisukari wamekutana na mgonjwa aliyechoma wiki tatu, akajisikia vizuri, akaacha. Wanaita ukaidi. Kwa haki, ni mgonjwa anayefuata kwa uaminifu mkubwa fundisho alilopewa babu yake na hospitali hizohizo.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, swali la kuzoea insulini halikuulizwa kabisa, kwa sababu wakubwa wa tiba waliamini kuwa Mwafrika haugui kisukari. Albert Cook, daktari wa misheni aliyeanzisha hospitali ya Mengo huko Uganda, aliandika mwaka 1901 kwamba ugonjwa huo ulikuwa nadra alikofanya kazi, na kwamba aliyeupata alikufa. Maneno hayo mawili yalisomwa kwa miaka mingi kama taarifa mbili tofauti. Ukweli ni kwamba la pili lilikuwa linasaidia kuzaa la kwanza. Mtoto mwenye kisukari cha kutegemea insulini, asipoipata, huishi wiki au miezi michache tu: kiu isiyokatika, mkojo usiokwisha, kukonda, kutapika, pumzi ndefu, kuzimia. Katika nchi ya malaria, mtoto aliyezimia ameandikwa malaria. Hakusubiri kuhesabiwa.

Namna ya kuhesabu yenyewe ilikuwa duni. Wazee walijua mkojo unaovuta sisimizi. Hospitalini kulikuwa na dawa ya rangi ya buluu iliyotengenezwa na Mmarekani Stanley Benedict mwanzoni mwa karne ya 20: mhudumu anaweka kiasi kwenye tyubu ya kioo, anadondosha matone manane ya mkojo, anachemsha juu ya moto wa spiriti na kutazama. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Kijani, kidogo. Njano, imezidi. Ikigeuka rangi ya tofali, mgonjwa ana hali mbaya. Hiyo ndiyo iliyokuwa mashine ya kupimia kwa miongo mingi, na ilisema yaliyotokea saa kadhaa zilizopita, si ya sasa hivi. Mtu angeweza kuonyesha rangi ya tofali huku sukari yake ya damuni ikiwa tayari inaporomoka.

Bomba lenyewe lilikuwa la kioo. Lilichemshwa kwenye sufuria, sindano yake ya chuma ikinolewa kwenye jiwe ilipobutuka. Insulini nayo iliuzwa kwa nguvu tofauti, yuniti 40 kwa mililita au 80, kabla ya dunia kuanza kuhamia 100, na kila nguvu ilihitaji bomba lenye mistari yake. Aliyepewa kichupa cha aina moja na bomba la aina nyingine alijichoma nusu ya dozi, au mara mbili yake. Ukiwa umesoma, kosa hilo ni rahisi kufanya. Ukiwa hujasoma, huna hata namna ya kulijua.

Mabadiliko ya fikra yalitoka hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Daktari Donald McLarty, Mskoti aliyefanya kazi huko, pamoja na Andrew Swai na wenzao, waliacha kubahatisha wakaanza kupima. Kati ya 1981 na 1987 waliandikisha wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari jijini Dar es Salaam. Kati yao 272 walihitaji insulini, na katika kundi hilo karibu watatu kati ya kila kumi hawakumaliza miaka mitano. Mwaka 1989 wakatoa matokeo ya vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, mkoa jirani wa Usukuma: watu wazima wenye kisukari hawakufika mmoja kati ya mia. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulitaja asilimia 9.1 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Umri uliopimwa haukuwa uleule, mbinu hazikuwa zilezile, na uchunguzi wa pili uliingiza miji, kwa hiyo anayesema ugonjwa umeongezeka mara kumi anakimbia kuliko takwimu zake. Kwamba umeongezeka, hakuna anayebisha.

Kazi yao iliyouma zaidi ilihusu fedha. Makala ya 1992, iliyoandikwa na Swai, McLarty na wenzao, iliuliza katika kichwa chake kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua barani Afrika, kisha ikafungua daftari. Mwaka 1989 na 1990, kumtibu mgonjwa anayehitaji insulini kuligharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, kiasi kilichozidi pato la wastani la Mtanzania. Asiyehitaji insulini aligharimu dola 103. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa ndani ya kichupa. Inafaa kukumbuka kwamba wagunduzi wa Toronto waliuza hataza yao kwa chuo kikuu chao kwa dola moja moja, ili pasiwepo wa kuihodhi dawa.

Na hapa pana jambo la kushangaza kidogo kuhusu Kanada na Shinyanga. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyesoma McGill. Dhahabu ya Bulyanhulu, upande wa Kahama, ilichukuliwa mwaka 1999 na Barrick, kampuni yenye makao yake Toronto, mji uleule wa insulini. Mawe yalikwenda upande huo kwa wepesi kuliko vichupa vilivyokuja upande huu.

Migodi, hata hivyo, ilileta aina ya maisha ambamo sindano ya kila siku iliwezekana. Mwadui ulikuwa mji wa kampuni, wenye umeme wake, hospitali yake na saa zake. Mfanyakazi alijua anaingia zamu lini na anakula lini, na mwenye mkataba alitibiwa na mwajiri. Mgodi wa Geita uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa 1966 ulikuwa na utaratibu wa namna hiyo, na uliofunguliwa upya mwaka 2000 ukaurudisha. Nje ya uzio mambo ni tofauti kabisa. Mgusu, Nyarugusu, Lwamgasa: huko ni maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, karasha na mialo ya kuchenjulia, na siku haina saa. Leo mawe yametoka, kazi inaendelea mpaka usiku. Kesho duara limejaa maji, hakuna kazi wala chakula.

Insulini inayotolewa zaidi kwenye kliniki za umma ni ile ya mchanganyiko, yenye mawingu, ya kuchoma mara mbili kwa siku. Ni ya bei nafuu na ni rahisi kufundisha. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba mtu anakula kwa saa. Aliyejichoma saa 12 asubuhi, sehemu yake inayokwenda taratibu hufikia nguvu kubwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, iwe amekula au hakula. Saa hizo mchimbaji yuko chini ya ardhi, anapiga mwamba kwa nyundo, na misuli inayofanya kazi inameza sukari kwa kasi yake yenyewe. Dalili za sukari kushuka zinajulikana: jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, maneno kupotea. Sasa nani ndani ya duara hatoki jasho? Nani hatetemeki mikono baada ya kupiga nyundo saa nzima? Akianza kuongea yasiyoeleweka, wenzake wanadhani amekunywa, na dawa ya mlevi ni kumwacha alale. Huyu akilala hataamka.

Ndiyo maana wauguzi wanaojua machimbo huanza somo kwa jambo linalomshangaza kila mgonjwa mpya. Aliyeambiwa sukari ni adui yake anaambiwa asishuke duarani bila sukari mfukoni. Vijiko vitatu au vinne vilivyofungwa kwenye nailoni, pipi, soda ya kawaida. Na mwenzake mmoja ajue. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu mchimbaji anayejulikana kuwa mgonjwa anaweza kukosa nafasi kwenye kundi.

Woga wa kujulikana una historia yake Kanda ya Ziwa. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983 Kagera, ng'ambo tu ya Geita, na kwa miaka iliyofuata kijana aliyekonda ghafla alishahukumiwa mtaani kabla ya kupimwa. Kisukari kisichotibiwa kinakondesha vilevile. Ukimwi huo ndio ulioharakisha mwisho wa mabomba ya kuchemshwa na kuleta ya kutupwa, jambo lililomwondolea mgonjwa wa kisukari hatari moja na kumwongezea aibu nyingine: mwenye mabomba chumbani alianza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Wapo waliojichoma chooni miaka nenda rudi bila mke kujua.

Kujichoma kwenyewe si kugumu kuliko hofu yake. Kichupa cha mawingu hakitikiswi. Kinaviringishwa katikati ya viganja mpaka kioo chote kiwe cheupe sawasawa. Unavuta hewa kwenye bomba kiasi cha dozi yako, unaisukuma ndani ya kichupa, unakigeuza juu chini, unavuta dawa, unagonga kwa ukucha ili povu lipande, unalirudisha. Unafinya nyama ya tumbo au paja, unachoma, unahesabu mpaka kumi. Kesho unahama sehemu, maana panapochomwa kila siku pananyanyuka uvimbe laini na dawa haipandi vizuri. Watu wengi hushika hayo yote siku ya kwanza. Kinachowashinda ni kilichomo jikoni.

Usukumani chakula ni ugali, na mezani panapokosekana ugali hapajaliwa. Mtama na uwele viliyapisha mahindi kadiri karne ya 20 ilivyokwenda. Wakati wa kiangazi kuna michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, nyumba nzima inageuka daktari: ale mtama tu, mtama ni dawa. Mtama ni mzuri, lakini nao ni wanga, na sinia la ugali wa mtama litapandisha sukari kama sinia la sembe litakavyopandisha. Kinachotakiwa ni kipimo, mboga nyingi, na donge linalolingana kila siku ili dozi iwe na kitu cha kulinganishwa nacho. Kwenye familia inayokula pamoja kutoka sinia moja, kupima donge la mtu mmoja ni kumtenga. Wengine wanapakuliwa sahani yao pembeni, na wanasema hilo liliwauma kuliko sindano.

Mwaka 2011 shauku ya tiba yenye mwisho ilipata jina na barabara. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapila, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Kikombe kimoja, mara moja, kwa ukimwi, kansa, shinikizo la damu na kisukari. Kufikia Machi foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na mabasi yalijaza abiria kutoka kila pembe ya nchi, Kanda ya Ziwa ikiwemo. Waliowacheka hawakuelewa walichokuwa wanaona. Sharti la kikombe lilikuwa lilelile la penisilini ya buba: unakwenda mara moja, unarudi mzima. Aliyekuwa akimeza vidonge vya kisukari aliweza kuishi miezi bila kuvirudia. Aliyekuwa wa insulini na akaiacha alikuwa na siku za kuhesabu.

Swali la baridi lilibaki. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007 tu. Kabla ya hapo, na hata sasa kwa wengi, jokofu la familia ni mtungi. Unawekwa ndani ya mwingine mkubwa, katikati mchanga uliolowanishwa, kichupa ndani ya nailoni kikavu. Kwa miaka mingi wataalamu waliona jambo hilo kama njia ya maskini. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, waliopima joto la nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, walionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa. Shinyanga si Dadaab kwa ukali wa jua. Hata hivyo wapo wagonjwa waliowahi kurudishwa nyumbani bila insulini kwa sababu tu hawakuwa na jokofu.

Umbali nao ulipungua polepole. Bugando, hospitali kubwa ya Kanda ya Ziwa, ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971, na kwa mtu wa Geita ilikuwa ng'ambo ya maji: basi mpaka Busisi, kungoja kivuko, kuvuka hadi Kigongo, basi tena. Mgonjwa wa kliniki ya asubuhi alitoka nyumbani usiku, akiwa amejichoma au hajajichoma, akiwa amekula au hajala, na kivuko hakikujali. Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa 1985, kilishirikiana na Wizara ya Afya na World Diabetes Foundation ya Denmark kusogeza kliniki mikoani, na programu ya Novo Nordisk iliyoanza 2009 ikaleta insulini ya bure kwa watoto. Geita ikawa mkoa 2012, ikapata hospitali yake ya rufaa. Ya Shinyanga ikahamia majengo mapya Mwawaza. Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa, na safari iliyokula saa nzima au zaidi ikawa ya dakika chache.

Kinachobishaniwa sasa ni nani anayelipa. Kwa sera, kisukari kimo kwenye orodha ya magonjwa sugu ambayo matibabu yake hospitali za umma yanatakiwa kuwa ya bure kwa asiyejiweza. Kwa vitendo, kichupa kinapokosekana dirishani mgonjwa anaandikiwa karatasi akanunue duka la nje, na vitepe vya kupimia sukari karibu kila mara ni vya mfukoni mwake. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga, jirani wa Shinyanga, mwaka 1996. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa tayari ana kadi ya mwajiri. Mchimbaji wa duara, ambaye mwezi huu ana milioni na mwezi ujao anakopa unga, anatakiwa kulipa kwa mwaka, mara moja, kabla hajajua mawe yatatoka lini. Waliopo kliniki ya Geita siku ya kisukari wamepata njia yao: mawe yakitoka, wananunua vichupa vya miezi mitatu kwa mkupuo, kisha wanatafuta nani mjini ana jokofu la kuwahifadhia.